Yeremia 29:11 tunaibandika kila mahali, aya ya 10 tunairuka. Nia njema ya Mungu tunaiamini au tunaidai?

#1 Msomaji wa Usiku (mleta mada)

Wakuu, Bwana Yesu asifiwe. Na wasio wa upande huu, habari za jioni.

Ukiacha Yohana 3:16 na Zaburi ya 23, sidhani kama kuna maneno ya Biblia yanayojulikana mtaani kuliko Yeremia 29:11. Yako nyuma ya bajaji, yako kwenye kadi za mchango wa harusi, yako kwenye fulana za kwaya, na msimu wa mahafali kila stetasi ya WhatsApp ni hayo: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho."

Aya yenyewe naipenda, tuelewane hapo. Kinachonikera ni kwamba tunaisoma kana kwamba imedondoka peke yake, wakati ni mstari mmoja katikati ya barua. Na barua hiyo ina anwani. Sura ya 29 inataja hadi walioibeba: Elasa mwana wa Shafani na Gemaria mwana wa Hilkia. Wapokeaji ni Wayahudi waliochukuliwa mateka na Nebukadreza mwaka 597 KK, wakapelekwa Babeli pamoja na Yekonia, mfalme wao wa miaka 18, na mafundi na wafua chuma. Yerusalemu bado umesimama wakati huo, hekalu bado lipo, ila vyombo vyake vingi vimeshabebwa. Huko ugenini kila mtu ana swali moja: tunarudi lini?

Sasa soma sura ya 28 kwanza. Nabii anaitwa Hanania anasimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote anatangaza: ndani ya miaka miwili vyombo vitarudi, Yekonia atarudi, na mateka wote watarudi. Yeremia alikuwa amevaa nira ya mti shingoni kama ishara kwamba watu wakubali kuwa chini ya Babeli kwa sasa. Hanania anaichukua ile nira anaivunja palepale. Piga picha hiyo ibada! Ungekuwepo ungepiga makofi, na mimi ningepiga.

Kisha ndiyo inakuja barua ya Yeremia, na inasema kinyume kabisa. "Jengeni nyumba, mkakae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake." Oeni, ozesheni watoto wenu, zaeni, msipungue. Uombeeni amani mji wa adui aliyewateka. Aya ya 10: Babeli itakapotimiza miaka 70, ndipo nitawajia. Halafu ndiyo aya ya 11.

Mtu wa miaka 40 aliyesomewa barua hiyo alikuwa anaambiwa kwamba atazikwa Babeli. Na pumzi hiyohiyo anaambiwa Mungu anamwazia mema. Hakuna aya ya 11 isiyopitia kwenye ya 10.

Kwa hiyo swali langu kwenu: tunaposema tunaamini kwamba Mungu anatuwazia mema, tunaamini nini hasa? Kwamba nitapata ninachoomba? Kwamba nitapata mapema? Au kuna kitu kingine?

Tujadili bila kutukanana, tafadhali.

#2 Dogo wa Mbagala

Naweka kambi kwenye uzi huu. Ngoja waje wajuzi.

#3 Kinyozi wa Mabibo

Mleta mada umenigusa kwenye kidonda.

Kanisa nililokuwa nasali (sitalitaja), mkesha wa mwaka mpya zinagawiwa bahasha za kaki. Juu imegongwa muhuri wa wino wa zambarau: YER 29:11. Chini kuna mistari mitatu: jina, kiasi, na "haja ya moyo wako". Unajaza, unaweka fedha, unapita mbele unaidondosha kwenye beseni la plastiki lililofunikwa kitambaa cheupe. Mtumishi anatangaza kwamba mwaka unaoanza ni wa kumilikishwa. Mke wangu alitia humo fedha yake ya kikoba, haja ya moyo ikawa kiwanja.

Kiwanja hakikuja. Hilo wala halikuniuma sana, viwanja vina wenyewe. Lililoniuma ni mahubiri ya Desemba iliyofuata. Tuliambiwa Mungu alishaachilia, ila kuna watu "mikono yao ilitetemeka wakati wa kutoa". Yaani nia ya Mungu njema, ahadi nzuri, mwenye ufa ni mke wangu. Alirudi nyumbani akanyamaza siku nzima.

Huyo Hanania wako namjua. Nimemnyoa.

#4 Haamini

Mimi siamini na mnajua, ila mada imeandikwa vizuri kwa hiyo nitauliza kwa heshima.

Mungu anawaza mema, lakini mema yenyewe yanafika baada ya wewe kuzikwa. Mwanasiasa akiniambia hivyo jukwaani nimpe jina gani? Na nyongeza: hao watu walifikaje Babeli? Soma aya ya 7 ya barua hiyohiyo, Mungu anasema yeye ndiye aliyewafanya wachukuliwe mateka. Kwa hiyo anakutia shimoni, halafu anakuandikia barua kwamba anakupenda, utoke baada ya miaka 70. Mimi hapo naona tatizo, ninyi mnaona upendo. Nieleweshwe.

#5 Msomaji wa Usiku

Kinyozi, pole sana, na umpe pole shemeji.

Haamini, kwenye la mwanasiasa naona umegonga mlango wa jirani. Anayeahidi mambo yatimie ndani ya muhula ili apigiwe makofi ni Hanania. Yeremia hakuwa na hata kura moja: alipigwa na kufungwa mkatale (sura ya 20), akatupwa kwenye shimo la matope (sura ya 38). Na barua yake ilipofika Babeli kuna mtu anaitwa Shemaya aliandika kwenda Yerusalemu kulalamika kwa nini huyu mwendawazimu hajatiwa pingu. Soma 29:24 na kuendelea. Mtu anayetafuta umaarufu haandiki "jengeni nyumba hukohuko".

Na tazama mwisho wa ahadi ya miaka miwili. Yekonia, ambaye Hanania alisema anarudi, alikaa kifungoni hadi mwaka wa 37 wa uhamisho ndipo mfalme mpya wa Babeli akamtoa gerezani na kumlisha mezani pake (2 Wafalme 25:27-30). Hata baada ya hapo hatusomi popote kwamba alirudi. Hanania mwenyewe alitabiri mwezi wa tano, akafa mwezi wa saba mwaka uleule.

Swali lako la pili, la Mungu kuwafanya wachukuliwe, ni gumu na sitalijibu kwa haraka. Nasubiri wengine waanze.

#6 Mama K

Nimesoma kimyakimya, nikasema leo niandike.

Mwanangu wa pili alifariki hajaanza kutembea. Homa ya uti wa mgongo. Tumekaa mkekani, watu wanaingia wanatoka. Mmoja akaniinamia akasema Mungu ana makusudi yake. Mwingine akasema Mungu alihitaji malaika. Mwenyekiti wa jumuiya alisimama akasoma hiyo hiyo Yeremia 29:11 kwa sauti ya kusoma matangazo. Nilitamani kumrushia kitu.

Jirani yangu, dada mmoja Mzaramo, Mwislamu, hakusema neno. Alikwenda nyuma ya nyumba, akakuta beseni la nepi nililokuwa nimeloweka asubuhi tuliyokimbilia hospitali. Akazifua. Akazianika. Nilipotoka kwenda chooni nikaziona kwenye kamba, nyeupe zote, zimebanwa na vibanio, ndipo nikalia. Nilikuwa sijalia tangu hospitali.

Miezi mingi sikuweza kusali. Nilikuwa naenda ibadani kwa sababu kwaya walikuwa wananipitia. Nilichoweza kusoma ni Maombolezo tu, kwa sababu yule mtu humo ndani anamlaumu Mungu wazi, anasema amemfungia njia zake kwa mawe, na hakuna malaika anayemkatiza.

Leo ukiniuliza kama Mungu ananiwazia mema nitakujibu ndiyo. Sijui kwa nini mwanangu alikufa na simtafuti tena mtu wa kunieleza. Lakini hiyo "ndiyo" ni yangu kuisema. Aliyenisemea mkekani aliniibia.

#7 Kinyozi wa Mabibo

Pole sana mama.

#8 Katekista

Mama K, pole. Uliyoyaandika ningependa yasomwe kwenye semina zetu za wafariji, na sisemi hivyo kukupamba.

Nikiongezea hapo ulipoishia. Kila msiba tunasikia maneno ya Yusufu: "Nanyi kweli mlinikusudia mabaya, bali Mungu aliyakusudia kuwa mema." Mwanzo 50:20. Tunasahau yalisemwa lini na nani. Yusufu anatajwa ana miaka 17 mwanzoni mwa habari ya kuuzwa kwake. Alisimama mbele ya Farao akiwa na 30. Ongeza miaka saba ya shibe na miwili ya njaa, baba yake anashuka Misri Yusufu akiwa na kama 39. Yakobo akaishi Misri miaka 17 ndipo akafa, na maneno hayo yalisemwa baada ya maziko yake. Kwa hiyo ni karibu miaka 40 tangu lile shimo. Tena aliyasema mwenyewe, akiwaambia waliomuuza. Hakuna aliyechungulia shimoni kumwambia "tulia mdogo wetu, Mungu ana makusudi". Angefanya hivyo ni yupi? Ni kaka zake waliokuwa wamekaa juu wanakula chakula, Mwanzo 37:25. Maneno ni yaleyale, lakini kinywani mwa aliyekutupa shimoni yanageuka tusi.

Kuhusu swali la Haamini. Mapokeo yetu Wakatoliki, na Waprotestanti wengi pia, yanatofautisha anachokitaka Mungu na anachokiruhusu. Najua kwa mwenye kidonda tofauti hiyo inasikika kama ujanja wa mwanasheria. Ila kuna mstari katika hayo hayo Maombolezo, kitabu kilichoandikwa juu ya magofu ya Yerusalemu, 3:33: "Maana moyo wake hapendi kuwatesa wanadamu, wala kuwahuzunisha." Mwandishi anayesema hivyo hajaficha kwamba Mungu amewaadhibu, amelisema waziwazi aya kwa aya. Anachokataa ni kwamba adhabu ndiyo moyo wa Mungu. Uhamisho ulikuwa na sababu, na manabii waliitaja kwa majina: dhuluma, damu, sanamu, maskini kuuzwa. Ila tusichukue sababu ya Babeli tukaibandika kwenye kitanda cha mtoto mgonjwa. Yesu mwenyewe alikataa, Yohana 9:3.

#9 Mpita Njia wa Voi

Hamjambo majirani. Mimi ni wa huku Kenya, na nina wasiwasi na upande wa pili wa mada hii, ambao naona mnaupita.

Mmemsema sana Hanania, yule wa kuahidi raha. Lakini kuna mhubiri mwingine hatari zaidi, yule wa kukuambia mateso ndiyo nia ya Mungu kwako, vumilia tu. Sisi tumeona Shakahola hapa Kilifi mwaka 2023. Watu waliambiwa wafunge mpaka wafe ndipo wakutane na Yesu. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kwenye ule msitu, na watoto wadogo wamo. Hao hawakuahidiwa magari wala viwanja. Waliamini kabisa kwamba Mungu anawawazia mema, na wakafa hivyo.

Na si lazima ufike msituni. Kuna wanawake wanapigwa nyumbani, wakienda kwa mchungaji wanaambiwa Mungu ana mpango na hiyo ndoa. Sasa mleta mada, hii "kubali kuzikwa Babeli" yako, naona ikitumiwa hivyo kwa urahisi sana.

#10 Msomaji wa Usiku

Wa Voi, hoja yako ndiyo nzito kuliko zote mpaka sasa, nimeondoka nikaifikiria kabla ya kurudi.

Rudi kwenye barua, uone inawaagiza nini watu wanaosubiri miaka 70. Kujenga. Kupanda. Kula matunda ya bustani. Kuoa na kuolewa. Wajukuu. "Mkaongezeke huko wala msipungue." Ndiyo maana nasema barua hii ingemfukuza mhubiri wa Shakahola aya ya 5 tu, kabla hata ya kufika ya 11. Yeye aliwaambia wasile, barua inasema kuleni. Aliwatoa watoto shuleni na mijini, barua inasema utakieni mji amani, kwa kuwa katika amani yake nanyi mtapata amani. Mungu anayewazia watu mema anataka waishi, hata pale anapowaambia safari ni ndefu. Anayekuambia kaa na kipigo hajakuagiza ujenge nyumba, amekuagiza upungue.

Na tunajua walivyoitii barua, angalau baadhi yao. Hapa naomba mnivumilie kidogo, ndicho kitu kilichonifanya nianzishe uzi.

Kuna vibao vya udongo vya kikabari (mwandiko wa kale wa huko) kutoka Babeli, zaidi ya 100 vilichapishwa mwaka 2014, vinavyotaja kijiji kinachoitwa Al-Yahudu, yaani mji wa Yuda. Vilipitia mikononi mwa wauza mambo ya kale, jambo la kusikitisha, kwa hiyo mahali hasa pa kijiji hapajulikani, inafikiriwa ni maeneo ya kusini mwa Babeli jirani na mji wa kale wa Nipuri. Cha zamani zaidi ni cha mwaka 572 KK, yaani kama miaka 15 tu baada ya Yerusalemu kuteketezwa. Ukidhani utakuta humo maombolezo, umepotea. Ni stakabadhi! Nani anadaiwa shayiri, nani amelipa kodi ya tende, nani amekodi shamba, nani amekopa fedha na riba ni kiasi gani. Na majina yao yamebeba jina la Mungu wao hukohuko ugenini. Kuna Ahikamu mwana wa Rafayama, mlipa kodi na mfanyabiashara, na kuna hati ya wanawe kugawana urithi. Kibao kimoja, katikati ya maandishi ya Kibabeli, mtu amekwaruza jina Shelemia kwa herufi za Kiebrania cha kale.

Zaburi ya 137 inatuambia walikaa kando ya mito ya Babeli wakalia. Nayo ni kweli. Vibao vinatuambia baada ya kulia walikwenda kupalilia mitende. Mimi naona imani ya aya ya 11 iko kwenye zile stakabadhi kuliko kwenye mkesha wowote niliowahi kuhudhuria.

#11 Mhesabu

Mkuu hoja nzuri, ila hesabu. 597 mpaka amri ya Koreshi, mfalme wa Uajemi, ya kuwaruhusu warudi, 538, ni miaka 59. Hiyo 70 iko wapi? Na si wote walizikwa huko: Ezra 3:12 inasema wakati msingi wa hekalu jipya unawekwa walikuwepo wazee walioiona nyumba ya kwanza kwa macho yao, wakalia kwa sauti kuu, huku vijana wakishangilia, mpaka watu wasiweze kupambanua sauti ya furaha na ya kilio.

#12 Msomaji wa Usiku

Asante kwa Ezra, ni kweli, wachache walifika. Fikiria mzee huyo: ameondoka mtoto, amerudi na mkongojo, na anachokiona sasa ni msingi tu.

Kuhusu 70, aya inasema miaka 70 ya Babeli, na wengi wanaihesabu kama muda wa utawala wake: Ashuru ilimalizika 609 KK, Babeli ikaangukia mikononi mwa Koreshi 539 KK. Hiyo ni 70 kamili. Wengine wanahesabu tangu hekalu kuchomwa 586 hadi lilipokamilika tena 516 au 515. Wengine wanaanzia 605, Danieli na wenzake walipochukuliwa, hadi ile amri ya 538, wanapata 67 na kuiita sabini kwa kukadiria. Mimi sioni sababu ya kupigania hapo.

#13 Haamini

Nimerudi. Vibao vya udongo vimenifurahisha kuliko teolojia yenu, samahani.

Ila tatizo langu liko palepale. Ahadi ya Hanania ilipimika: miaka miwili, haikutokea, ameanguka mtihani. Safi. Ahadi yenu haipimiki. Mambo yakienda vizuri, Mungu mwema. Yakienda vibaya, Mungu mwema, subiri. Ukifa, Mungu mwema, utaona huko mbele. Ni tukio gani litakalokufanya useme "hapana, huyu hanipendi"? Kama halipo, basi matukio hayakuonyeshi kitu chochote, na "Mungu ananiwazia mema" ni namna ya kujituliza.

#14 Msomaji wa Usiku

Nakubaliana nawe nusu, na Kinyozi nadhani atakubaliana pia. Matukio ya maisha yangu hayanionyeshi kama Mungu ananipenda. Nikiyasoma yenyewe, wiki moja ananipenda, wiki nyingine ananichukia. Anayeusoma upendo wa Mungu kwenye salio lake la benki ndiye anayezalisha zile bahasha za kaki: salio likipungua, lazima apatikane wa kulaumiwa.

Mkristo anaelekezwa sehemu moja. Warumi 8:32, "Yeye asiyemwachilia Mwana wake mwenyewe, bali alimtoa kwa ajili yetu sisi sote, atakosaje kutukirimia na mambo yote pamoja naye?" Halafu endelea mpaka aya ya 35 uone Paulo anaorodhesha nini: dhiki, njaa, uchi, upanga. Anavitaja kama vitu vinavyowapata watu wanaopendwa. Hajaahidi kwamba havitakuja. Na lile "jema" la 8:28 linaelezwa aya inayofuata, ni kufananishwa na Mwana wake. Kiwanja hakimo, gari halimo. Vinaweza kuja, si dhambi kuviomba, ila siyo ndivyo vilivyoahidiwa hapo.

Kwa hiyo kinachoweza kuniangusha kipo. Kama Yesu hakusulubiwa na kufufuka, basi sina sababu ya kuamini nia hiyo njema, na Paulo anasema hivyohivyo, 1 Wakorintho 15. Hapo ndipo pa kugombana na mimi. Usigombane na mimi kwenye salio.

#15 Haamini

Angalau umesema wapi pa kukugombania. Ila baba anayemtoa mwanawe auawe ili kuonyesha upendo, hilo nalo lina uzi wake. Sijashawishika.

#16 Katekista

Haamini, ufungue huo uzi nami nitakuja. Kwa ufupi tu: Yohana 10:18, "Hakuna mtu aniondoleaye, bali mimi nautoa mwenyewe." Mwana hakutolewa kama mbuzi.

#17 Bakari wa Tandika

Nimepita tu. Sisi tunafundishwa kumdhania Mungu mema, na dhana mbaya kwake ni dhambi. Lakini ngamia unamfunga kamba kwanza. Mama K, Mungu akupe subira. Huyo dada jirani yako mpelekee salamu zangu.

#18 Kinyozi wa Mabibo

Kuna jambo nimeliona nikisoma tena sura ya 28, nashangaa hamjalisema. Hanania alipomaliza kutabiri miaka yake miwili, Yeremia hakumwita mwongo papo hapo. Alisema Amina! Aya ya 6: Amina, Bwana atende hivi, alithibitishe neno lako. Kisha nira ikavunjwa, na aya ya 11 inasema Yeremia akaenda zake.

Yaani alitamani iwe kweli. Hakufurahia habari mbaya aliyoibeba. Mimi kwa hasira niliyonayo kwa yule mtumishi nisingeweza kusema Amina. Mke wangu angeweza.

#19 Mama K

Kinyozi, na mimi bado naitikia Amina mtu akiniombea muujiza. Najua huenda usije. Naitikia kwa sababu ningeupenda.

Shadraka na wenzake, mateka wa Babeli hiyohiyo, walimwambia mfalme Mungu wetu aweza kutuokoa, halafu wakaongeza, "Bali kama si hivyo". Danieli 3:18. Sijawahi kuona bajaji imeandikwa hiyo.

#20 Dogo wa Mbagala

Wakuu nimesoma wote. Sasa mimi swali la kitoto. Nimemaliza chuo, uhasibu, siku nyingi sasa. Barua za maombi ya kazi nimechoka kuzihesabu. Kila Jumapili naombewa na hiyo aya. Mleta mada unaniambia nini, nisubiri miaka 70?

#21 Msomaji wa Usiku

Dogo, hapana, hujaandikiwa tarehe yoyote, na atakayekuandikia mkimbie, awe wa miaka 70 au wa miezi mitatu. Endelea kuomba kazi na endelea kuombewa. Ila usiache kuanza maisha ukingoja barua ya ajira ije kukuruhusu. Kama kuna mchumba, usimwambie "mpaka nipate". Kama kuna kitu cha kupanda hapo Mbagala, panda.

#22 Mama K

Mwanangu, achana na hao wanaume wanaokupa mahubiri. Uhasibu umesema? Nina duka la vifaa vya ujenzi, vitabu vyangu vya mauzo vimevurugika, TRA wananisumbua na natafuta mtu wa kuvinyoosha. Mshahara si mkubwa. Njoo inboksi.

#23 Dogo wa Mbagala

Shikamoo mama. Nimeshakuandikia. Naweza kuja hata Jumatatu, niambie tu duka liko upande gani na nije na kikokotoo changu au kipo.